Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa: Rwanda Yaanzia Jikoni

Katika milima ya kaskazini ya Rwanda, chini ya volkeno za Virunga, udongo ni mweusi wenye rutuba, mvua ni nyingi, na viazi mviringo vilimwavyo huko hulisha mji wa Kigali na sehemu nyinginezo za nchi. Mtu apitaye katika vilima hivyo wakati wa mavuno angedhani kwamba watoto wa huko ndio wenye siha bora kuliko watoto wote wa nchi ile. Sivyo mambo yalivyo. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2019 hadi 2020 ulionyesha kwamba Jimbo la Kaskazini ndilo lililokuwa na sehemu kubwa zaidi ya watoto waliodumaa. Kati ya watoto wa huko wenye umri wa chini ya miaka mitano, asilimia 41 walikuwa wafupi mno kwa umri wao, hali wastani wa taifa zima ulikuwa asilimia 33.

Kinyume hiki si cha Rwanda peke yake. Nchini Uganda, uchunguzi wa mwaka 2016 uliikuta Tooro, nchi ya migomba na mashamba mabichi, ikiwa na udumavu wa asilimia 41 hivi, wakati Teso, nchi kavu zaidi ambako watu hula ulezi, mtama, kunde na karanga, ilikuwa na asilimia 14. Na sisi Watanzania hatuna haki ya kuwanyoshea wenzetu kidole. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ambayo mahindi yake hulisha taifa, ndiyo iliyokuwa mbele kwa udumavu, na katika Iringa zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikuwa wamedumaa.

Yafaa basi tujiulize: inakuwaje ghala likajaa na mtoto asikue? Jibu lake lina sehemu nyingi, lakini sehemu moja kubwa imo ndani ya chungu. Kushiba ni jambo moja, na kulishwa ni jambo jingine. Familia yaweza kula viazi, ndizi au ugali mara tatu kwa siku, tumbo likajaa na njaa ikaondoka, huku mwili wa mtoto ukikosa vitu vya kujengea mifupa, damu na ubongo. Wenzetu wa Rwanda wamelitambua jambo hili, na kwa miaka kadhaa sasa wamekuwa wakilishughulikia mahali pasipozoeleka kutajwa katika taarifa za habari, yaani jikoni.

Kabla ya kueleza wanayoyafanya, ni vema tufahamu hasara yenyewe. Mtoto aliyedumaa hana sura ya mgonjwa. Hucheza, hucheka, na mara nyingi mama yake hudhani kwamba amerithi ufupi wa babu yake. Lakini ufupi huo ni dalili tu ya upungufu uliokwisha kuingia mwilini. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili, ndizo siku ambazo ubongo hukua kwa kasi kubwa kupita wakati mwingine wowote. Kilichopotea katika siku hizo ni vigumu sana kurudishwa baadaye, hata mtoto akipewa nyama kila siku. Mtoto wa namna hiyo huugua mara kwa mara, huchelewa kushika masomo, na akiwa mtu mzima nguvu zake za kazi huwa pungufu. Taifa lenye theluthi moja ya watoto katika hali hiyo limeweka rehani sehemu ya kesho yake.

Rwanda ilianza safari yake ikiwa mahali pabaya. Mwaka 2010 watoto waliodumaa walikuwa asilimia 44. Uchunguzi wa mwaka 2014 hadi 2015 ulikuta asilimia 38, na ule uliofuata, kama tulivyokwisha kutaja, asilimia 33. Ushindi kamili haujapatikana, lakini mwelekeo ni wa kutia moyo. Miongoni mwa njia zilizotumika ni ile inayoitwa kwa Kinyarwanda *igikoni cy'umudugudu*, maana yake jiko la kijiji.

Utaratibu wake ni rahisi. Wazazi wenye watoto wadogo hukutana katika kijiji chao, pamoja na wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Watoto hupimwa uzito. Kila mzazi huja na kitu alicho nacho nyumbani: huyu maharage, yule mchicha, mwingine karoti, mafuta kidogo au dagaa. Chakula hupikwa hapo hapo mbele ya wote, mtu mmoja akieleza kila kitu kinafanya kazi gani mwilini, na kikishaiva watoto hulishwa. Mafunzo haya hutumia vyakula vya kijiji chenyewe. Kwa sababu hiyo mama hawezi kurudi nyumbani akisema kwamba aliyofundishwa ni mambo ya watu wa mjini wenye fedha. Amekiona chakula kwa macho yake, na amemwona mwanawe akikila.

Mafunzo yatolewayo katika majiko hayo yaweza kumfaa mtu yeyote katika eneo letu hili la Afrika, maana vyungu vyetu vinafanana. La kwanza lahusu maharage. Mahindi, mtama na nafaka nyinginezo zina protini, lakini protini hiyo ina upungufu wa sehemu fulani zinazohitajiwa na mwili. Maharage, kunde, choroko na mbaazi zina sehemu hizo kwa wingi, nazo zimepungukiwa na zile zilizomo ndani ya nafaka. Kwa hiyo viwili hivi vikiliwa pamoja, kila kimoja hufunika upungufu wa mwenzake. Kipimo cha kukadiria ni sehemu mbili za nafaka kwa sehemu moja ya maharage au kunde, vikiwa vikavu kabla ya kupikwa. Makande ya bibi zetu, yaliyodharauliwa na wengi kuwa chakula cha shuleni, yalikuwa yamekwisha kuijua hesabu hiyo.

Wengi wanaoyaacha maharage hawaachi kwa sababu ya bei ya maharage yenyewe. Huacha kwa sababu ya mkaa na kuni. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, kuyamwaga maji hayo asubuhi, na kuyapika chunguni kwa maji mapya huku kifuniko kikiwa kimefunikwa vizuri. Maharage yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi. Familia yaweza pia kuchemsha ya siku mbili kwa moto mmoja, mradi yale ya kesho yahifadhiwe mahali pa ubaridi na yachemshwe tena barabara kabla ya kuliwa.

Funzo la pili ni mboga za majani. Serikali ya Rwanda imehimiza kila kaya iwe na *akarima k'igikoni*, yaani kishamba cha jikoni. Mahali penye ardhi finyu, kitalu hujengwa kwa mviringo na kuinuliwa juu kwa mawe na udongo, au mboga hupandwa katika magunia, na maji yaliyooshea mboga na vyombo humwagiliwa hapo. Mchicha, ambao kwa Kinyarwanda huitwa *dodo*, huwa tayari kuchumwa katika wiki chache tu. Katika kuupika kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, mboga laini hazitaki moto mrefu, kwani moto mrefu na maji mengi huharibu vitamini. Pili, vitamini A iliyomo katika majani hupokelewa vema na mwili pakiwapo mafuta. Kijiko cha mafuta au karanga zilizotwangwa si anasa katika mboga. Ndivyo vinavyoifanya mboga ifanye kazi yake. Karanga hizo lakini ziwe kavu na safi, maana zenye ukungu huwa na sumukuvu na hazifai kuliwa hata zikipikwa.

Kisamvu, ambacho Wanyarwanda hukiita *isombe*, kina sheria yake peke yake. Majani ya muhogo yana sumu, nayo huondolewa kwa kuyatwanga sana na kuyachemsha kwa muda mrefu bila kuharakisha. Hapo mpishi asiige mapishi ya mchicha.

Funzo la tatu ni samaki wadogo. Jambo la kuvutia ni kwamba samaki hawa wametembea kuliko watu wengi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika walipandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko Rwanda sasa huitwa *isambaza*. Katika miaka ya 1967 na 1968 walipelekwa pia Ziwa Kariba, na Wazambia huwaita kapenta. Waganda wana mukene wao na Wakenya omena, ambao ni dagaa wa Ziwa Victoria. Katika nchi zote hizi watu wenye nafasi wamewatazama kama chakula cha maskini, na baadhi ya wachuuzi huwauza kwa ajili ya kuku. Hata hivyo samaki aliwaye mzima, pamoja na mifupa yake, humpa mtoto protini, madini ya kujenga mifupa na chuma kwa wakati mmoja, tena konzi moja tu hutosha kulibadili sufuria zima la mchuzi. Kwa mtoto mdogo wafaa waoshwe mchanga, wakaangwe au wakaushwe vizuri, kisha watwangwe kuwa unga, na kijiko kimoja kitiwe katika uji au mboga yake.

Hapo twafika kwenye uji, na hapa ndipo watoto wengi hupotelea. Mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama yaendelee, lakini peke yake hayatoshi tena. Tumbo lake ni dogo. Akipewa uji mwepesi kama maji, hushiba kwa muda na kulala, lakini alichokunywa ni maji yenye unga kidogo. Uji wa mtoto uwe mzito, unaoshikamana na kijiko bila kumwagika upesi. Rwanda ina uji maarufu uitwao *sosoma*, jina lililoundwa kutokana na majina ya soya, mtama na mahindi katika lugha ya Kifaransa, na mchanganyiko huo ni ile ile hesabu ya nafaka na jamii ya kunde. Asiyekuwa na soya aweza kutumia karanga au maharage yaliyosagwa, ilimradi uji uive kabisa. Na mtoto asiyeweza kuumeza uji mzito aweza kusaidiwa kwa kimea. Kijiko cha unga wa ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, hukorogwa ndani ya uji mzito uliopoa kidogo. Uji hulainika bila kuongezwa maji, kisha huchemshwa tena kabla ya mtoto kulishwa.

La nne ni chuma, ambacho upungufu wake huleta ukosefu wa damu. Chuma kilichomo katika maharage na majani hakiingii mwilini kwa urahisi. Ndimu, pera, chungwa au nyanya vikiliwa pamoja na chakula hicho hukisaidia kuingia, na chai au kahawa ikinywewa pamoja nacho hukizuia. Kwa hiyo kusogeza chai mbele, ikanywewa saa moja au zaidi baada ya chakula, ni matibabu yasiyogharimu hata senti moja. Tangu mwaka 2010 Rwanda imewapa wakulima wake aina za maharage zilizozalishwa kwa njia ya kawaida ya uchaguzi wa mbegu ili ziwe na chuma kingi zaidi. Katika mji wa Huye wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa chuma waligawanywa katika makundi mawili, wakala maharage kwa muda wa siku 128. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba wale waliokula maharage hayo mapya waliongeza chuma na damu mwilini kuliko wenzao waliokula ya kawaida.

Mwaka huo huo wa 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia ilitolewa kwa wataalamu wanne walioshughulikia mazao ya namna hiyo, na mmoja wao alikuwa jirani yetu, Robert Mwanga wa Uganda, kwa kazi yake juu ya viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni alama ya kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho na ya maradhi. Mbegu ya viazi hivyo ni kipande cha jani na shina. Mtu akipewa na jirani yake, mwaka unaofuata naye ana cha kumpa mwingine.

Ndugu msikilizaji aweza kusema: maneno haya ni mazuri, lakini fedha zitoke wapi? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa maneno matamu. Mahali pa kuanzia ni matumizi yaliyopo sasa. Katika kaya nyingi fedha ya chakula huliwa na vitu ambavyo havijengi mwili: sukari nyingi katika chai, soda, mandazi ya asubuhi, na unga wa sembe uliokobolewa mpaka ukawa mweupe pe. Mashine ikoboapo huondoa pumba na kiini cha punje, na humo ndimo zilimokuwa vitamini za kundi B na madini. Mnunuzi wa sembe hulipia ukoboaji, kisha hupokea chakula kilichopungua. Kuna pia jambo la mayai na maziwa. Mfugaji auzaye mayai yote ili anunue sukari na biskuti amefanya biashara ambayo faida yake haionekani katika mwili wa mtoto. Auze, kwa kuwa ana mahitaji mengi, lakini aanze kwa kutenga ya watoto na ya mama mjamzito, kisha yaliyosalia ndiyo yaende sokoni.

Wala haifai kugeuza kila kitu kwa siku moja. Familia ibadilishe jambo moja, ilizoee, ndipo iongeze la pili. Wiki ya kwanza iwe ya kuloweka maharage na kuyala mara tatu. Ya pili, chai isogezwe mbali na chakula na ndimu ipate nafasi yake mezani. Ya tatu, dagaa watiwe katika mboga. Ya nne, gunia la mchicha lipandwe nyuma ya nyumba. Watoto hawakipendi chakula kipya siku ya kwanza, nao huhitaji kukionja mara kadhaa. Kukataa kwa leo si hukumu ya mwisho.

Hata hivyo ni lazima kusema wazi kwamba jiko peke yake halimalizi udumavu, wala hakuna chakula kimoja kilicho mganga wa yote. Huko Mangochi, nchini Malawi, watafiti waliwapa watoto wachanga yai moja kila siku kwa miezi sita, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha kwamba udumavu ulipungua kwa ujumla. Watoto wa huko, kando ya ziwa, walikuwa tayari wakila samaki mara nyingi. Yai ni chakula bora, lakini hutoa faida kubwa pale linapojaza pengo lililopo. Tena mtoto aharishaye kila mwezi kwa sababu ya maji machafu hupoteza alichokula. Na mama atokaye alfajiri kwenda shamba, akarudi jioni akiwa na kuni kichwani na mtoto mgongoni, hawezi kulisha mara tano kwa siku hata akiwa amehudhuria mafunzo yote.

Kwa sababu hiyo Rwanda haikuwaachia akina mama mzigo wote. Tangu mwaka 2006 mpango uitwao Girinka umekuwa ukizipatia familia maskini ng'ombe, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Watoto wa kaya maskini zaidi wamekuwa wakipewa unga wa uji ulioongezwa virutubisho. Akina baba nao huitwa katika majiko ya kijiji, kwani mara nyingi mwenye kushika fedha ndiye mwenye kuamua kama sahani ya nyama na mboga itaanzia kwake au kwa mtoto. Baba akubaliye kwamba mjamzito na mtoto wapakuliwe kwanza amekwisha kuboresha chakula cha nyumba yake bila kuongeza hata shilingi.

Kwetu sisi mambo haya si mageni kabisa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kwa mamilioni kuzunguka redio, na mwaka 1975 ikafuatiwa na Chakula ni Uhai. Katika miaka ya 1980 vijiji vya Iringa vilikuwa na siku za kuwapima watoto uzito na kujadili kwa pamoja sababu za afya yao kuzorota. Kwa hiyo linalofanyika leo katika vilima vya Rwanda ni ukumbusho kwetu kuliko kuwa somo jipya. Maarifa yakiachwa bila kurudiwa husahauliwa, na kizazi kipya cha wazazi huanza tena kwa uji mwepesi na chai ya sukari. Iringa yenyewe ni ushahidi wa jambo hilo.

Mavuno ya nafaka yataendelea kutangazwa kila mwaka kwa tani, na ni haki yatangazwe. Lakini tani hizo hazituambii mtoto amekula nini. Habari hiyo hupatikana kwa kufunua chungu na kutazama: je, ndani yake mna kitu cha kujenga mwili, mna majani, mna tone la mafuta, na mtoto amepakuliwa kwanza? Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha maharage yaliyolowekwa usiku huu kitakuwa chakula kesho mchana.